Kataa Makofi ya Bure

Kijana wa Dadamu, hapa Arua, wapo watu wanaokupenda kwa moyo wote, na kwa upendo huohuo wanakuharibia maisha. Ni wale wanaokushangilia kabla hujafanya kitu. Umeimba nusu ya wimbo kwenye arusi, sauti inayumba na mdundo umeuchukua kwa msanii wa Kampala, lakini tayari mjomba amesimama na noti mkononi, na mshereheshaji anatangaza kwenye spika kwamba West Nile yote haijawahi kupata sauti kama hii. Umefunga bao moja Jumapili, kufika Jumatatu kijiji kizima kinakuita kwa jina la mchezaji wa Ulaya. Umepata alama za kupita tu, nyumbani wamechinja mbuzi na shangazi anakuita daktari. Ukishika simu, sifa zinamiminika: umeua, umetisha, hakuna kama wewe.

Nataka uyakatae makofi hayo. Uyakatae kwa heshima, maana wanaoyapiga ni ndugu zako, lakini uyakatae.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya watu wawili. Wa kwanza ni kijana mwenye kipaji cha kweli aliyesifiwa mapema mno, akaamini amefika, akaacha mazoezi. Miaka inapita, naye bado anasimulia ule wimbo wake mmoja, ile mechi yake moja. Wa pili ni yule aliye kimya. Ni binti anayekokotoa hesabu za darasa la mbele yake kwa mkaa ukutani. Ni mvulana aliyefungua redio iliyokufa, akaifunga tena, ikasema. Hao hakuna aliyewanyanyulia noti, kwa sababu hawajui kujitangaza. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinajitembeza kwa spika na kwa picha mpaka wanunuzi wote wanaishia kwake, na chema kinabaki nyuma ya nyumba, kinazeeka bila kuonwa.

Ipo methali nyingine tunayoijua sote: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kila tunapoitaja, lawama inamwendea mgema. Mimi nina swali kwa wanywaji. Ninyi mlioonja tembo mkajua lina maji, na bado mkaendelea kusifu, mlimfanyia nani wema? Mgema alikosa mtu wa kumrekebisha. Ninyi mkabaki mnakunywa kitu kibovu. Na mgema wa upande wa pili wa kijiji, ambaye tembo lake ni zito, hakupata mteja hata mmoja. Sifa ya uongo inaumiza watu watatu kwa mkupuo mmoja, na anayeitoa anakwenda kulala akidhani amekuwa mkarimu.

Basi kijana atajuaje kama kazi yake ni nzuri kweli, ikiwa wote wanaomzunguka wanamsifu? Atafute kipimo kisichojua yeye ni mtoto wa nani. Saa haijui ukoo wako. Injini uliyoifunga vibaya haitawaka kwa heshima ya baba yako. Hesabu iliyokosewa imekosewa hata kama darasa zima limekupigia kura uwe kiongozi wao. Kila fani ina kipimo cha namna hiyo. Kazi yako ya kwanza ni kukijua na kukipenda, hata kinapokuaibisha.

Uganda imewahi kuwa na kijana aliyejipima hivyo. John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, mashariki ya Mto Nile, akakua akichunga ng'ombe, kisha akajiunga na polisi. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamaliza wa nne katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Hapo ndipo sisi tungemmaliza kwa sifa. Wa nne katika Jumuiya ya Madola yote! Tungempokea kwa ngoma, tungemtembeza kwa gari, tungemwambia amekwisha kuwa shujaa, na pengine habari yake ingeishia hapo. Yeye na kocha wake, Malcolm Arnold, waliona jambo moja rahisi: watu watatu wamempita. Wakarudi mazoezini. Alivaa fulana iliyotiwa uzito wa kilo 11 hivi, akaruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano, tena kwa mwendo mrefu kuliko ule ambao angekuja kukimbia siku yenyewe. Fikiria jasho lile kwenye jua la Kampala, huku mwili umezidishiwa mzigo kwa hiari yake mwenyewe, na Olimpiki bado iko mbali.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji wa viunzi huiogopa. Katika fainali hiyo alikuwemo Mwingereza David Hemery, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi mpya, na hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio zile chini ya sekunde 48 kabla yake. Ikawa pia medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Hemery alichukua shaba. Saa ya Munich haikujua Lango iko wapi wala haikuhitaji kujua.

Sikuambii uwe mkimbiaji. Nakuomba uitazame ile miaka miwili kati ya nafasi ya nne na dhahabu, maana vijana wengi wa kwetu wanaipoteza miaka hiyo wakisherehekea nafasi ya nne. Kwako wewe, miaka hiyo ipo pale ulipo sasa. Umeshinda mashindano ya kata, au umeshangiliwa kanisani, au umekuwa wa kwanza katika shule yenye wanafunzi wachache wanaojua kusoma vizuri. Hiyo ndiyo Edinburgh yako. Je, utavaa ile fulana nzito, au utapanda gari la kutembezwa?

Nigeuke upande wa Koboko, niseme jambo zito, na nitalisema taratibu. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni Kakwa, alikuwa bondia wa kweli. Kuanzia mwaka 1951, kwa takriban miaka tisa, alikuwa bingwa wa Uganda katika uzito wake. Ulingoni hakuna aliyempa ubingwa huo kwa kumpenda wala kwa kumwogopa. Aliupata kwa mikono na pumzi zake, mbele ya mtu aliyekuwa anamrudishia ngumi. Januari 1971 alitwaa nchi, na tangu hapo sifa zake hazikupita tena ulingoni. Akawa Jemadari Mkuu mwaka 1975. Akawa Rais wa Maisha mwaka 1976. Akawa Daktari kwa shahada ya heshima ya Makerere, akawa Mshindi wa Dola ya Uingereza, na kila cheo kilipata watu wa kukipigia makofi. Kusema ukweli kukawa kazi ya hatari. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alichukuliwa mwaka 1972 asirudi. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, muda mfupi baada ya maaskofu kumwandikia Rais barua ya kupinga mauaji. Aprili 1979, mtu aliyezungukwa na makofi kwa miaka minane alikimbia nchi.

Na nani alilipa? Walilipa wakulima na akina mama wa huku, watu ambao hawakupata lolote kutoka kwenye vyeo vile. Mwaka 1980 na 1981 kisasi kiliishukia West Nile, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kwenda Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, hapa karibu na mji wa Arua. Wapo wazee wetu ambao hadi leo tarehe hiyo hawaitamki bila kunyamaza kwanza.

Mambo yale yalikuwa na sababu nyingi, na mimi sidai kwamba makofi peke yake ndiyo yaliyoyaleta. Ninachojua ni kwamba mtu asiye na yeyote wa kumwambia hapana anakuwa hatari kwake mwenyewe na kwa waliomzaa. Mazoea ya kushangilia kisichostahili hayaanzii ikulu. Yanaanzia kwenye mambo madogo, shuleni na arusini, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi. Eneo hili kuliko maeneo mengine linajua bei yake, na kwa hiyo lilipaswa kuwa la kwanza kuwafundisha vijana wake kupenda ukweli.

Nataka sasa nikupeleke Kuluva, kwa sababu huko kuna habari ambayo kila mtoto wa Arua angepaswa kuijua kabla hajamaliza shule ya msingi, na wengi hawaijui.

Kuluva ni hospitali iliyoko kusini mwa mji wa Arua. Walioiendesha kwa miaka mingi ni ndugu wawili, madaktari wa kimisionari, Ted na Peter Williams. Miaka ya 1950 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alianza kuona watoto wenye uvimbe wa kutisha kwenye mataya, saratani inayokua haraka kiasi kwamba mtoto aliyekuwa akicheza mwezi uliopita anaonekana leo hawezi kufunga mdomo. Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu unapatikana wapi na wapi haupatikani. Oktoba 1961 yeye, Ted Williams na daktari mwingine, Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri kwa wiki kumi. Walikwenda maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakapita hospitali zaidi ya 50. Swali lao lilikuwa moja: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Gari liliposumbua, daktari wa Kuluva ndiye aliyekuwa fundi.

Safari hiyo imesimuliwa sana duniani. Mimi ninayoipenda zaidi ni kazi iliyofuata, ambayo haikuwa na safari wala picha. Kule Kuluva, Williams aliandika kumbukumbu za kila mtoto aliyeletwa na ugonjwa ule: anatoka wapi, ameanza kuugua lini. Mwaka baada ya mwaka, mstari baada ya mstari. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa West Nile wa kuanzia 1961 hadi 1965, na kutoka katika mistari ile likaonekana jambo ambalo jicho la kawaida lisingeliona: watoto walioishi karibu karibu walikuwa wameugua katika nyakati za karibu karibu. Ugonjwa ulikuwa na mwendo wake. Pengine kulikuwa na kitu kinachoambukiza nyuma yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1964, wanasayansi wa London walikuwa wamegundua virusi vipya ndani ya chembe za uvimbe huo zilizopelekwa kutoka Uganda, virusi tunavyoviita leo Epstein-Barr. Lakini kukuta virusi ndani ya uvimbe hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyouleta. Ilibidi kupima damu ya watoto wakiwa bado wazima, kisha kusubiri kuona ni yupi atakayeugua. Na mahali palipochaguliwa kwa kazi hiyo ni hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilichukuliwa na kuhifadhiwa. Kati yao, 14 walikuja kupata ugonjwa katika miaka iliyofuata. Ilipotazamwa ile damu ya zamani, ilionekana kwamba watoto waliougua walikuwa na alama nyingi za virusi vile kuliko wenzao, tangu kabla ya ugonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Nature, na vitabu vya saratani duniani kote bado vinayataja.

Tulia hapo, mdogo wangu, ufikirie kazi ya kumwandika mtoto wa elfu arobaini kwa usahihi uleule uliomwandika mtoto wa kwanza. Majina yanafanana, vijiji vinafanana, jua linawaka, mama ana haraka ya kurudi shambani. Ukichanganya chupa mbili, ukiandika kijiji kisicho chake, hakuna atakayekukamata siku hiyo. Ni dunia tu itakayopata jibu la uongo miaka sita baadaye. Kazi ile isingewezekana bila watu wa huku wanaojua njia na lugha, na bila akina mama walioruhusu mikono ya watoto wao ichomwe sindano kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa. Hakuna aliyewatunza noti kwa uangalifu wao. Nami nasema uangalifu ule ni kipaji, tena kipaji kikubwa kuliko sauti nyingi ninazozisikia zikisifiwa redioni, na kimejaa kwenye damu ya watu wa eneo hili.

Ukiwa binti na unasoma haya, usidhani nazungumza na kaka yako. Profesa Christine Dranzoa alikuwa binti wa Adjumani. Alisoma sayansi ya wanyama, akaingia msitu wa Kibale kuchunguza ndege: ni aina gani zimebaki, zipi zimepungua, miaka 23 baada ya wakataji miti kupita. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 1998. Kuhesabu ndege kwenye msitu mnene ni kazi ya kuamka kabla ya jua na kukaa kimya, na ndege hawana habari na vyeo. Baadaye Chuo Kikuu cha Muni kilipoanzishwa hapa Arua, yeye ndiye aliyekuwa makamu mkuu wake wa kwanza, akakijenga hadi alipofariki Juni 2022. Vijana waliohitimu pale walimkuta akiwa mama mkubwa anayesimamiwa akiingia ukumbini. Laiti wangemwona pia akiwa Kibale, daftari mkononi, nguo zimelowa umande.

Niseme kidogo kuhusu muziki, maana najua wengi wenu ndiko mlikoweka moyo. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza muziki na ngoma ya kinubi cha Wamadi katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Kinubi hicho kimepigwa kwenye arusi na mavuno, kimepatanisha waliogombana, kimelilia wafu. Sababu moja ya kukiweka kwenye orodha hiyo ni kwamba vijana wanakiona cha kizamani. Huko Nebbi na Pakwach Waalur wana adungu yao, na sauti yake inajulikana Uganda nzima. Sikulazimishi uache studio ukashike kinubi. Lakini kaa siku moja na mpigaji mzee. Atakusimamisha kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Atakuambia kamba hii haijakaa, irudie. Utarudia, atakusimamisha tena. Hatakupigia makofi mchana kutwa, na jioni utakuwa umejua zaidi ya ulivyojua kwa mwaka mzima wa kusifiwa. Mzee huyo ni shule, na shule hiyo inafungwa kaburi moja baada ya jingine huku sisi tukigombania kushikilia maikrofoni.

Na shule zenyewe? Tangu elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka 1997, Uganda imewapeleka watoto wengi darasani kuliko wakati wowote, na hilo ni jema lisilopaswa kudharauliwa. Lakini pamoja nalo ukaja utaratibu wa kumpandisha mtoto darasa hata kama hajaelewa. Uwezo, wanaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, wameonyesha mara kwa mara kwamba wako wengi katika madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Kumpandisha mtoto huyo bila kumsaidia ni kumpigia makofi ya bure kwa muhuri wa shule. Anafika darasa la saba akiwa na sare nzuri, na siku ya mtihani wa taifa ndipo anapokutana kwa mara ya kwanza na kipimo kisichomjua. Sio kosa lake. Ni letu, watu wazima tulioona aibu kumwambia akiwa na miaka minane kwamba hapa bado, njoo tukae.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa shule. Baada ya zoezi, wengine walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii waliyoweka. Waliosifiwa kwa akili walipenda kuchagua zoezi rahisi lililofuata, walikata tamaa mapema walipokutana na gumu, na walipoulizwa alama zao, wengi zaidi kati yao walidanganya. Sifa iliwafanya waogope. Mtoto aliyeambiwa ana kipaji hathubutu tena kufanya jambo linaloweza kuonyesha kwamba hana.

Kwa hiyo nawageukia ninyi wazazi, wajomba, shangazi, wachungaji, maimamu na watangazaji. Siwaombi muwe wakali. Kijana anayetukanwa anavunjika vilevile kama anavyoharibika anayesifiwa ovyo, na kwetu tuna watu hodari wa kutukana wanaojiita wakweli. Ninachoomba ni maneno yenye macho. Mwambie mwimbaji kwamba ubeti wa pili alikosa pumzi, na kwamba kiitikio kilikuwa kizuri. Mwambie mwanafunzi kwamba insha yake ina wazo moja zuri lililozikwa katika maneno mengi. Mtoto ataelewa kwamba ulikuwa unasikiliza, na hakuna heshima inayopita hiyo. Na ukikuta chema cha kweli, usikae nacho moyoni. Kitaje mbele za watu, kwa jina la aliyekifanya, kisha utoe kitu: taa ya kusomea, nauli ya kwenda kwenye mashindano, kitabu, siku mbili bila kumtuma shambani. Zile noti za arusini zingetosha.

Nirudi kwako, kijana. Watu wa Arua wanajua kupenda cha kwao. Timu ya mpira ya Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, mashabiki walijaa kiasi kwamba nchi nzima ilitutazama, na wachezaji waliotoka pale walifika timu kubwa za Kampala na nje ya nchi. Upendo wa namna hiyo ni hazina. Ila upendo wa mashabiki hauwezi kukimbia dakika ya 85 badala yako. Ule moyo uliobaki dakika ya 85 hutengenezwa alfajiri, katikati ya wiki, uwanja ukiwa mtupu.

Chagua kitu kimoja. Kama ni kuimba, jirekodi leo, kisha sikiliza sauti yako mara baada ya sauti ya yule unayemheshimu kuliko wote, bila mtu pembeni. Kama ni mpira, kimbia na saa, andika muda wako, rudia wiki ijayo. Kama ni kushona, fumua shati zuri la fundi mwingine uone mishono ya ndani imekwendaje. Kama ni kusoma, chukua mtihani wa miaka iliyopita, jifungie, usahihishe kwa kalamu nyekundu mwenyewe bila huruma. Utaumia kidogo. Wengi wanaachia hapo, wanarudi kwenye simu kutafuta zile sifa za umeua na umetisha. Wewe usiachie. Maumivu yale maana yake umeanza kuona, na anayeona kosa lake yuko hatua moja mbele ya yule anayelishangilia.

Usisubiri Kampala ikuone. Usisubiri mradi, wala mgeni mwenye kamera, wala mbunge kabla ya uchaguzi. Damu ya wale watoto 42,000 ilichukuliwa vijijini humuhumu, kwenye njia hizihizi za vumbi jekundu, na elimu ya dunia ikabadilika.

Halafu tafuta mtu mmoja anayejua kazi hiyo kuliko wewe na asiyekuogopa. Ikiwezekana asiwe wa ukoo wenu. Yupo. Pengine ni yule mwalimu mkali mliyempachika jina la utani, anayerudisha daftari likiwa limejaa wekundu. Pengine ni fundi mzee wa Koboko ambaye wanagenzi humkimbia kwa sababu hufumua kazi yao yote. Pengine ni muuguzi asiyekubali kipimo kiandikwe kwa kukisia. Kesho asubuhi, kabla hajaanza shughuli zake, nenda kwake na kazi yako mkononi, umsalimie inavyostahili, useme: mwalimu, nionyeshe nilipokosea. Beba kalamu. Usijitetee. Andika kila anachosema, na uulize lini urudi.